Mbiu Niliyoipiga Mikokoni

Wapo wanaosema kazi ya mpiga mbiu ni mapafu. Ukiwa na kifua kipana na pembe nzuri ya nyati, basi, umekuwa mpiga mbiu. Hao hawajaifanya hata asubuhi moja. Mimi nimeifanya tangu ndevu zinaanza kuniota mpaka siku Wadachi walipoivunja pembe yangu mbele ya watu, na baada ya hapo nikaifanya bila pembe. Kwa hiyo nina haki ya kusema. Kazi ile ni ya masikio. Mdomo hufuata nyuma.

Nawaambia nyinyi, wajukuu zangu, mnaokwenda Utete kusoma na kurudi na kalamu mfukoni, mnaotaka ukarani na ukalimani na utarishi. Mnakuja kunisalimu, shikamoo Babu, marahaba, halafu mmoja wenu anakohoa na kuuliza, "Babu Athumani, ni kweli zamani ulikuwa mdomo wa Mdachi?" Na mwingine anacheka chinichini. Sikasiriki. Lakini kaeni vizuri niwajibu. Mwenye haraka aende zake sasa hivi, asije akasikia nusu akaenda kuisimulia kama nzima.

Kijiji chetu kilikuwa upande huu wa Mahege, mahali ambapo mashamba ya mpunga yanateremka mpaka yakutane na matope, na matope yanakutana na mikoko ya visiwani. Jumbe akitaka watu wajue jambo, maziko, mtoto aliyepotea, siku ya kwenda kuwafukuza nguruwe mashambani, alimwita mpiga mbiu. Mpiga mbiu alipuliza pembe, watu wakanyamaza, akasema aliloagizwa. Mnaona ni kazi nyepesi. Hata mimi niliona hivyo, nilipopelekwa kwa Mzee Pazi kujifunza.

Mzee Pazi alikuwa mpiga mbiu wetu kabla yangu. Mtu mfupi, mkavu, mwenye ulimi mchungu, na tembo la mnazi alilipenda kuliko adabu. Sauti yake ilikuwa imekwisha. Akisema ungedhani mtu anaburuta jembe juu ya mawe. Alinichukua kwa sababu nilikuwa na sauti. Lakini kwa muda mrefu hakuniruhusu hata kuigusa ile pembe. Kazi yangu ilikuwa kutembea naye kijijini, tukisalimia watu nyumba kwa nyumba, kisha ananiuliza njiani.

"Yule mama amesema nini?"

"Amesema hajambo."

"Hakusema hajambo. Amesema 'tupo.' Jana alisema hajambo, leo anasema 'tupo.' Nyumbani kwake kuna mgonjwa au kuna ugomvi. Rudi ukaulize."

Narudi, nauliza, nakuta mumewe amelala na homa. Mzee Pazi anacheka mpaka anakohoa. "Unataka kuwapigia mbiu watu usiowasikia? Bora upigie mbuzi."

Alinifundisha kwamba usipulize pembe wakati wanawake wanatwanga. Ukishindana na mchi umeshindwa, na mama mwenye watoto wenye njaa hataacha mchi wake kwa ajili ya maneno ya jumbe. Subiri mchi unyamaze. Upepo uwe nyuma yako. Neno zito liwe fupi na litangulie. Ukimaliza kusema, usiondoke. Simama hapo hapo, maana watu huuliza, na swali lao unalichukua unalirudisha kwa aliyekutuma. "Anayesema akaondoka," alikuwa akiniambia, "huyo hajapeleka ujumbe, ametupa jiwe uani kwa watu."

Na zaidi ya yote alinifundisha kumsikiliza anayekutuma. Alisema: mwambie arudie. Hata akiwa jumbe, hata akiwa liwali, mwambie, bwana, naomba unirudie nisikosee. Anayejua anachokitaka atakirudia vilevile. Mwenye kuficha kitu, kila akirudia maneno yanageuka, na pale yanapogeukia ndipo pa kutega sikio. Mimi niliona ni ujeuri wa mlevi. Nikaufuata tu, maana alikuwa na mkono mwepesi wa kupiga kofi.

Kijiji cha jirani kulikuwa na mpiga mbiu wa rika langu, Salum. Huyu, Mungu alimpa sauti ambayo sijaisikia tena. Akipiga mbiu, hata watoto wachanga waliacha kulia. Lakini alipenda kusikika kuliko kusikia. Siku moja jumbe wao, kibogoyo, tena na tambuu limemjaa mdomoni, alimwita akamwambia kwamba askari wanapita kesho, kila nyumba ilete mboga. Salum akasikia "mbogo," akaondoka mbio kabla jumbe hajatema tambuu lake. Sauti ile nzuri ikazunguka kijiji kizima: kesho mbogo, kila nyumba! Asubuhi askari wakafika wakitegemea mchicha na matango. Wakakuta wanaume wa kijiji wamejipanga uwanjani na mikuki na mbwa, nyuso zimekaza, wanasubiri mnyama. Wale askari walitimua mbio na kuacha hata kofia moja. Tulicheka kutwa nzima, na Salum akacheka kuliko sisi. Jumbe wao ndiye hakucheka, maana askari walirudi wakiwa wengi na hawakurudi kwa ajili ya mboga.

Mzee Pazi alifariki kitandani kwake mwaka uliofuata, nikabaki na pembe. Na ndipo Wadachi wakatuletea akida.

Akida alikuwa mtu wa mjini, kanzu nyeupe, kilemba, na fimbo asiyoiachia hata akila. Kwetu hakujua mtu wala hakutaka kujua. Alileta amri ya pamba: kila mwanamume aende shamba la serikali siku alizopanga yeye, na siku hizo zikaangukia wakati ule ule maji ya mto yanapopungua na sisi inatupasa kupanda. Aliniita akaniagiza. Nikapiga mbiu. Nikasimama kama nilivyofundishwa.

Watu wakajibu. Mmoja akasema, mpunga wangu nani ataulinda na ndege? Mwingine akasema, pamba tutaitafuna? Mama mmoja, Bi Tatu, jirani yetu, akasema, "Mwulize Akida kama mama yake alimlea kwa pamba." Nikayachukua yote nikayarudisha, moja moja, kama yalivyotoka.

Akida alinitazama kama mtu aliyeona mbuzi anasema.

"Mimi nilikutuma ukaseme," aliniambia. "Nani alikutuma ukasikilize?"

"Bwana, nilikwenda na neno lako. Nimerudi na maneno yao. Ndiyo kazi."

Nikalazwa chini nikala hamsa ishirini, ndivyo tulivyoviita viboko vya serikali. Nilipoinuka nikamwambia, "Na swali la Bi Tatu hujalijibu." Nikalazwa tena. Sasa nyinyi mnaosema nilikuwa mdomo wa Mdachi, njooni niwaonyeshe mgongo.

Pamba ile ndiyo iliyowasha moto. Ng'ambo ya mto, milimani kwa Wamatumbi, watu waliing'oa kwa mikono yao, na vita vikaja. Nanyi mnajua jina lake, Maji Maji. Mjumbe wa dawa alipofika kwetu nilikaa mbele kabisa nikamsikiliza toka mwanzo. Alisema risasi za Mdachi zitakuwa maji. Hilo ndilo mnalolicheka leo. Lakini kabla ya hilo, na baada ya hilo, alisema mengi. Alisema Mmatumbi na Mndengereko na Mngindo wamechapwa kwa kiboko kimoja, na wakisimama kila mmoja peke yake watachapwa mpaka wajukuu. Aliyesikia habari ya risasi peke yake hakumsikia mjumbe yule hata nusu. Mimi niliyanywa maji yale ya dawa. Sikuyanywa kwa sababu ya risasi. Niliyanywa kwa hayo mengine, na hata leo nikipewa nitayanywa.

Vita sitawasimulia. Waliopigana wapo waliosimulia, na wengi zaidi hawapo. Mimi nitasema yaliyofuata, maana ndipo kazi yangu ilipo. Wadachi walipoona hawawezi kumpata kila mtu mwituni, walichoma. Mpunga shambani ukachomwa, maghala yakachomwa, mbegu zikachomwa. Njaa ikaingia nyumba kwa nyumba. Watu wa vijiji vyetu wakachukua mitumbwi wakaingia visiwani, ndani kabisa ya mikoko, kwenye vijito ambavyo mgeni akiingia hatoki. Mke wangu Zena alikwenda pamoja na kaka zake. Bi Tatu alikwenda na mwanawe Hamisi. Mimi ningekwenda nao, lakini nilikamatwa njiani nikirudi kumchukua mama yangu mzee, nikatambuliwa. "Huyu ndiye mpiga mbiu." Nikapelekwa bomani.

Nilikaa pale siku kadhaa sijui wananitakia nini. Salum naye nilimkuta huko, amekonda, lakini sauti yake ile ile. Kisha tukaitwa uani kwa Bwana Shauri mwenyewe, mkuu wa boma, Mdachi mrefu mwenye macho yaliyochoka. Akida alisimama ubavuni pake. Bwana Shauri Kiswahili alikijua, cha kukatakata, lakini kinaeleweka.

"Mtakwenda visiwani," alisema. "Mtawaambia watu vita imekwisha. Watoke. Watapata chakula. Hakuna atakayepigwa."

Salum uso ukamng'aa. "Ndiyo, Bwana!" Akageuka, anataka kuondoka saa hiyo hiyo. Watu wake walikuwa na njaa na yeye amepewa neno la chakula, angengoja nini? Wakampa mtumbwi na askari, akaenda.

Mimi nikabaki nimesimama. "Bwana, naomba unirudie nisikosee."

Bwana Shauri alipenda lile. Akamwambia Akida kwamba huyu ni mtu makini. Akarudia. "Waambie watoke wote. Wanaume watangulie. Kuna kazi ya barabara. Wakifanya kazi, chakula kitatoka."

Mmesikia? Kazi ya barabara ilitoka wapi? Na hakuna atakayepigwa, imekwenda wapi?

"Bwana, niwie radhi. Mara moja tu tena."

Bwana Shauri akachoka, akamwashiria Akida. Naye Akida hakuwa mtu wa kuvumilia. Akanisogelea mpaka nikasikia harufu ya karafuu mdomoni mwake. "Waambie watoke! Wanaume wafungwe kwanza, kisha tutawachambua nani alikunywa maji na nani hakunywa. Wasipotoka visiwa vitachomwa. Umesikia sasa, kiziwi wewe?"

"Nimesikia, Bwana. Na chakula kiko wapi, nikiulizwa?"

"Hilo halikuhusu."

Lakini sikuacha kusikiliza. Boma linaloahidi kuwalisha watu wa visiwa vyote vile lilipaswa kuwa na kelele. Wanawake wanatwanga, mpunga unapepetwa, kuku wanagombania pumba. Nilitega sikio ua mzima. Sikusikia mchi hata mmoja. Nilichosikia, nyuma ya ghala, ni nyundo ya mhunzi inagonga chuma, inagonga, inapumzika, inagonga. Nikamwuliza mpishi mmoja wanafua nini kule. Akasema bila hata kuniangalia, "Minyororo ya shingo."

Nikapewa mtumbwi, mpiga pondo wa kuusukuma, na askari mmoja aitwaye Faraji, mtu wa bara ya mbali, mwenye bunduki na jipu mguuni. Hakuwa mtu mbaya. Njia nzima alinisimulia habari za jipu lake. Nami nilikuwa nikifikiria nitafanya nini.

Sikilizeni hapa vizuri, maana nyinyi mtakaokuwa makarani na wakalimani mtakifikia kijito hiki, kila mmoja na chake. Ningeweza kusema uongo. Ningewaambia kwa Kindengereko, kimbieni, na Faraji asingeelewa neno, ila angeelewa mbona hawatoki, na risasi ingekuwa yangu. Ningeweza kukaa kimya, wakamtuma mwingine. Ningeweza kufanya kama Salum, nikalichukua lile neno tamu la kwanza nikalipeleka kwa sauti nzuri, na hakuna ambaye angenilaumu, maana kweli lilisemwa. Katika kuwaza hivyo nikaona kumbe kitu walichonipa wakubwa wale ni kingi kuliko walivyojua. Walikuwa wamesema wenyewe. Walikuwa wamesema kila kitu, mbele ya mtu ambaye kazi yake ni kusikia.

Tulifika maji yanapojaa. Mikoko pande zote, mizizi yake imekaa kama vidole, na kimya. Lakini nilijua wapo. Ndege walikuwa hawatui upande mmoja. Nikapuliza pembe. Nikasubiri. Nikapiga mbiu kwa Kiswahili, wazi kabisa, ili Faraji naye asikie.

"Watu wangu! Ni mimi, Athumani! Nimetumwa na Bwana Shauri na Akida! Bwana Shauri amesema hivi: vita imekwisha, tokeni, mtapata chakula, hakuna atakayepigwa!"

Mtikisiko mdogo ndani ya mikoko. Mtu alisogea. Njaa ilisogea.

"Nikamwomba arudie! Akarudia hivi: mtoke wote, wanaume watangulie, kuna kazi ya barabara, chakula baada ya kazi!"

Mtikisiko ukakoma.

"Nikamwomba tena! Akida akamsaidia, akasema hivi: wanaume mfungwe kwanza, mchambuliwe nani alikunywa maji, msipotoka visiwa vichomwe! Nikauliza chakula kiko wapi. Nikaambiwa halinihusu! Hayo ndiyo niliyosikia, sikuongeza wala sikupunguza!"

Faraji aliinuka mtumbwi ukayumba. Akanipiga kitako cha bunduki hapa, jino hili na lile. "Unasema nini wewe!"

Nikatema damu. "Nimesema neno gani ambalo hawakulisema? Nitajie moja."

Akaketi tena. Na yeye alikuwapo uani siku ile, akilinda mlango.

Sikuondoka. Nilisimama, kama inavyotakiwa. Ndipo sauti ikatoka ndani, ya mwanamke, imekauka, lakini niliijua hata kabla haijamaliza neno la kwanza. Zena.

"Athumani! Huko bomani wanatwanga?"

Mke wangu alikuwa na njaa, na hakuniuliza kama nimeumia wala lini nitakuja. Aliuliza swali lenyewe.

"Hawatwangi!" nikamjibu. "Nilisikia nyundo ya mhunzi. Mchi sikusikia!"

Hakuna aliyetoka. Maji yalianza kupwa, mpiga pondo akageuza mtumbwi, tukarudi.

Bwana Shauri aliniuliza nilisema nini visiwani. Nikamrudishia yote, neno kwa neno, kwa mpango ule ule, pamoja na swali la Zena na jibu langu. Alimgeukia Akida akamwuliza kama kweli alisema habari ya kuwafunga na kuwachambua. Akida akasema huyu ni mwongo wa kuzaliwa. Bwana Shauri akamwita Faraji. Faraji alisimama kwa mguu mmoja kwa ajili ya lile jipu, akaangalia chini, kisha akasema, "Bwana, ndivyo ilivyosemwa." Mpaka leo namwombea dua mtu yule.

Haikunisaidia. Pembe yangu iliwekwa juu ya jiwe ikavunjwa kwa nyundo ile ile ya mhunzi, watu wote wakiangalia, na mnyororo mmoja ukapata shingo yangu. Kwenye mnyororo huo huo, mbele yangu, walikuwa watu wa kijiji cha Salum. Walitoka. Walimsikia akiwaita kwa sauti ile nzuri, wakatoka na watoto mabegani, na wanaume wakafungwa palepale ukingoni kabla mitumbwi haijakauka. Baba yake Salum alikuwa miongoni mwao. Tulipopelekwa barabarani tulimpita Salum ameketi kando ya njia, mikono kichwani. Hakuwa amewasaliti. Alilosema aliambiwa, na aliliamini. Baba yake hakumlaani. Alimwita tu kwa jina, na Salum hakuinua uso. Tangu siku hiyo hakupiga mbiu tena, na aliishi miaka mingi.

Sasa msifurahi upesi, mkadhani nawaambia nilishinda. Waliobaki mikokoni hawakula wali. Walikula kaa, walikula mizizi ya porini inayolowekwa siku nyingi isiue, na ilipokosekana walikula kisichofaa. Kaka zake Zena hawakunyongwa, hilo ni kweli, walikuwa wamekunywa maji na wangenyongwa. Zena alitoka hai. Nilipofunguliwa na kurudi nilimkuta mwembamba kama kivuli, akacheka aliponiona sina meno mawili. Lakini wengine hawakutoka.

Siku chache baada ya kurudi kwangu, asubuhi, Bi Tatu aliingia uani kwetu bila kupiga hodi. Mwanawe Hamisi hakuwa naye.

"Athumani," alisema, "tuliambiwa kuna chakula, nasi tukakaa. Wewe ndiye uliyetufanya tukae."

Jibu nilikuwa nalo. Nililitengeneza barabarani, shingoni nina chuma, miezi yote ile. Ningemwambia sikusema msitoke, nilisema nilichosikia tu. Lilikuwa jibu la kweli na lilikuwa tayari ulimini. Nikalimeza. Yule mama hakuja kuchukua jibu.

Nikamkaribisha akakaa. Akasema. Alisema jinsi Hamisi alivyokuwa akiuliza kila asubuhi kama mpunga wa serikali ni mweupe au mwekundu. Alisema jinsi alivyomdanganya kwamba kaa wana utamu kuliko wali. Alisema mambo ambayo sitayarudia, maana aliniambia mimi. Jua lilipanda. Zena alileta maji, akayaweka, akaketi naye. Mimi sikumkatiza hata kwa kusema pole.

Mwishoni akaniuliza, "Hakukuwa na mpunga? Ulisikia kwa masikio yako mwenyewe?"

"Kwa masikio yangu, Bi Tatu. Hakukuwa na mpunga."

Kisha akajifuta uso kwa upande wa kanga yake. "Basi niitie watu. Tulimfukia topeni maji yakiwa yamekupwa, hakuna aliyeweza kusimama kumsomea. Nataka mwanangu asomewe hitima kama mtoto wa watu."

Nyinyi hamjui hilo lilikuwa ombi gani. Tangu vita, amri ilikuwa watu wasikusanyike bila ruhusa ya Akida, na Akida alikuwa yule yule, na fimbo yake ile ile. Zena akanitazama. Na Bi Tatu, aliyeijua amri ile kama mimi, akasema, "Sikuulizi amri inasemaje. Nakuuliza wewe."

Pembe sikuwa nayo. Nilikwenda katikati ya kijiji, pale pale nilipolazwa nikapigwa. Nikasubiri michi inyamaze, na michi yenyewe ilikuwa michache. Nikapaza sauti na meno yangu yaliyopungua: "Hamisi wa Bi Tatu, aliyefia mikokoni kwa njaa, leo anasomewa!" Basi. Nikasimama. Hakuna aliyeuliza swali. Waliweka chini walichoshika wakaja.

Walikuja hata wa kijiji cha Salum. Walijaa uani, wakajaa njiani, wakaketi chini, na wasomaji wakaanza. Habari ikamfikia Akida naye akaja haraka na askari wake, akapenya kati ya watu mpaka mbele, kanzu imeshikwa juu isiguse vumbi.

"Nani amewapa ruhusa?" alipiga kelele. "Wewe, mpiga mbiu! Nani amekutuma?"

Bi Tatu ndiye aliyejibu, hata hakuinuka. "Nimemtuma mimi. Tunamsomea mwanangu, Akida. Huwezi kukatiza Kurani. Ngoja imalizike, na ikimalizika nina maneno yako."

Akida alikuwa Mwislamu, mbele ya Waislamu. Alingoja. Kisomo kikamalizika, Bi Tatu akaanza kusema naye. Hakupaza sauti. Alimweleza habari ya Hamisi tangu mwanzo, ya kaa na ya mizizi na ya mpunga mweupe au mwekundu, akimwangalia usoni.

Najua mnataka kuniuliza kama nilipata taabu kwa ajili ya siku hiyo. Niliipata, kesho yake, na niliinuka nikaenda nyumbani kwa miguu yangu. Lakini ile ilikuwa kesho. Siku yenyewe Akida aligeuka kutafuta pa kutokea. Nyuma yake, ua mzima na njia nzima mpaka shambani, watu walikuwa wameketi chini wanamsikiliza Bi Tatu, na hakuna aliyesogeza goti kumpisha. Akasimama pale na fimbo yake, akamsikiliza mpaka mwisho.